Mikono Nyuma

Wasumbufu ni akina baba. Watoto nawaweza, mama zao nawaweza, hata bibi na babu zao nawaweza. Lakini mweke baba mtu mzima mbele ya vijiti na gundi, karibu na mwanawe, halafu uone. Kufumba na kufumbua ameshamnyang'anya mtoto kazi, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, anajenga daraja lake mwenyewe, na mtoto amebaki anachezea kamba za viatu.

Ndiyo maana niliweka sheria. Siku ya Mikono, siku ya watoto wa mtaa kujenga na kujaribu vitu kwa mikono yao, mkubwa anaruhusiwa kushauri, kushangilia, na kushika kitu pale tu mtoto anapomwambia ashike. Zaidi ya hapo, mikono nyuma. Anayevunja sheria napuliza filimbi, anakwenda kukaa kwenye benchi la watundu pale ukutani mpaka mtoto wake aje amwombee msamaha. Kabla asubuhi haijachangamka vizuri, benchi lilikuwa na daktari wa meno, mwalimu mkuu mstaafu, na fundi bomba mmoja aliyerudishwa hapo kwa mara ya pili bila hata chembe ya aibu.

"Cheche, nilikuwa namsaidia kidogo tu," fundi bomba akalalamika.

"Kidogo yako imejenga nusu ya daraja. Kaa chini."

Cheche ndiyo mimi. Jina hilo nilipewa karakana kwa sababu nachomelea vyuma, na kwa sababu ya mdomo wangu pia, sitadanganya.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile mvua isiyo na haraka, inayoshuka kana kwamba haina pengine pa kwenda. Paa la bati la ukumbi wa mtaa lilikuwa linapiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Nilidhani watu hawatakuja. Wakaja, familia baada ya familia, na viatu vyenye matope na miavuli iliyopinda. Meza za madaraja zilikuwa katikati, meza ya betri na balbu karibu na dirisha, kapi na kamba zake pembeni, na kule mwisho pampu ya maji, ambako alisimama mwanaume niliyempenda.

Watu wote walimwita Injinia. Ni mtu wa mabomba na matangi, mrefu, mpole, anayezungumza taratibu kama anayehesabu maneno. Alikuja karakana kwetu mwaka uliopita kuagiza stendi ya hiyo hiyo pampu. Mkewe alikuwa amefariki, ana mtoto mmoja wa kike, na mama mkwe wake alihama kwake akaja kumlea mjukuu. Hayo ndiyo niliyoyajua. Mengine sikuyajua kwa sababu hakuyasema, nami sikuuliza. Alirudi kutazama stendi, akarudi kulalamika kwamba mguu mmoja ni mfupi, na mguu haukuwa mfupi hata kidogo. Mara ya tatu nikamwambia, "Wewe sema tu umekuja kuniona, stendi iache ipumzike." Akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nikapenda hapo hapo.

Asubuhi ile, kabla hatujafungua milango, alinifuata stoo nilikokuwa nahesabu ndoo.

"Ni leo," akasema.

"Ni leo."

Tulikuwa tumekubaliana. Shughuli ikiisha, watu wakiondoka, tungekaa sisi wanne, mimi, yeye, binti yake na mama mkwe wake, na angewaambia kwamba anataka kunioa. Kila alipojaribu kumgusia mama mkwe habari hizo nyumbani, mama yule aliinuka akaenda kufua nguo ambazo tayari zilikuwa safi.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Mimi nachomelea juu ya ghorofa nimefungwa kamba kiunoni. Nimwogope bibi wa watu?"

"Mimi naogopa," akasema, akanishika vidole. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Tukatazamana hivyo, katikati ya ndoo na mabomba, nikatamani siku iwe imeshapita na sisi tuko upande wa pili, tumekubaliwa, tunakunywa chai. Nilikuwa nimechoka kupenda kwa kujificha.

Binti yake, aliyezoea kuja karakana na baba yake, jina lake la nyumbani ni Kwanini, na ukimsikiliza dakika mbili huhitaji kuelezwa sababu. Alikuja na bibi yake, amekumbatia boksi la viatu lililofungwa kwa mfuko wa nailoni lisilowe. Akalifungua mezani kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na daraja lililofika nusu, la vijiti vya aiskrimu vilivyoanza kugeuka manjano.

"Anti Cheche, langu nimeanzia nyumbani. Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Kwa nini inaruhusiwa?"

"Kwa sababu nimesema."

"Kwa nini wewe ndiye unayesema?"

"Kwa sababu nina filimbi."

Akacheka, akaonyesha pengo la jino. Nikageuka kwa bibi yake nikapiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa amekwisha kuweka mikono nyuma, amenyooka, hakuna mkubwa mwingine ukumbini aliyetii sheria yangu vizuri namna ile. "Mvua yote hii, mmewaita watoto wa watu waje kuchezea maji."

"Wakirudi nyumbani watakuwa wanajua pampu inavyovuta, mama."

"Wakirudi nyumbani watakuwa na mafua." Hakunitazama usoni. "Haya, endelea na kazi yako, binti."

Nikaendelea na kazi yangu. Lakini kila nilipozunguka nilijikuta nimerudi meza ile. Kwanini alikuwa anajenga upande wa pili wa daraja, kijiti kwa kijiti, amekunja uso. Mtihani ulikuwa mmoja kwa watoto wote: kuna kigari cha bati, kilori kidogo kilichojazwa kokoto, na kila daraja lilipaswa kukivusha kutoka matofali ya huku hadi matofali ya kule. Kikivuka, mtoto anapiga kengele na ukumbi mzima unamshangilia. Kikidumbukia, tunampa vijiti vingine anaanza upya. Waliodumbukiza walikuwa wengi, na wengine walilia, lakini hiyo ndiyo shughuli yenyewe.

Kwanini alipobakiza kidogo tu, baba yake akawaita watoto wote waende kuona pampu ikirusha maji mpaka darini. Kwanini akasimama, akalitazama daraja, akanitazama mimi.

"Anti, nilindie."

"Nenda, nakulindia."

Bibi yake alikuwa amekwenda kutafuta chai kwenye birika la mlangoni. Nikabaki peke yangu na daraja.

Nikainama kulitazama, na balaa lilianzia hapo. Kazi yangu mimi ni viungo. Kiungo kibaya nikikiona mwili mzima unaniwasha. Niliwahi kuharibu harusi ya rafiki yangu kwa kumwambia bwana harusi, mbele ya wakwe, kwamba jukwaa alilosimamia limechomelewa na mlevi. Sasa katika nusu ile iliyotoka nyumbani, vijiti viwili vya katikati, vile vinavyobeba mzigo wote, vilikuwa vimeungwa vibaya kabisa. Gundi imevimba juu, ndani hewa tupu. Nikagusa kwa ncha ya kidole, kiungo kikacheza.

Kilori kikifika hapa kinadumbukia, nikawaza. Mtoto atalia mbele ya watu wote, mbele ya bibi yake, halafu jioni hiyo hiyo tumwambie habari ya ndoa? Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna aliyenipulizia filimbi, kwa sababu filimbi ninayo mimi.

Nikachukua kisu kidogo, nikavikata vile vijiti viwili, nikavitupa kwenye ndoo ya mabaki. Nikaweka vipya, nikavibandika kwa ile gundi ya moto inayoyeyuka kwa umeme na kukauka papo hapo. Nikakibonyeza kiungo, hakikutikisika. Nilijisikia raha, nakiri. Mama mfagiaji akapita na gunia lake, akamwaga ndoo yetu humo pamoja na za meza nyingine zote, akaenda zake.

Watoto wakarudi wameloa, wanapiga kelele. Kwanini akafika mezani, akanyamaza.

"Anti."

"Naam, Kwanini."

"Vile vijiti vya hapa viko wapi?"

"Vilikuwa vimelegea, nikakuwekea vingine. Hebu gusa uone. Hata lori la kweli linapita."

Hakugusa. Aliinama, macho yake yakawa karibu kabisa na vijiti, akatazama chini ya daraja, juu, pembeni.

"Vile vilikuwa vya mama," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Nilidhani anamsema bibi yake.

"Mama alivibandika akiwa kitandani. Mimi nilishika huku, yeye akabandika huku. Akasema tutamalizia akipata nguvu."

Sauti yake haikupanda. Mtoto yule anayeuliza kwa nini mpaka wakubwa wanakimbilia chooni, hakuniuliza kitu. Aliketi kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akawa anatazama vile vijiti vyangu vipya vyeupe.

"Kwanini, mimi sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Bibi yake akafika na kikombe cha chai. Alitupa jicho mezani mara moja tu, akakiweka kikombe chini.

"Nani ameshika hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe mwenye sheria?"

"Kiungo kilikuwa kimelegea, mama. Lingevunjika."

"Kililegea kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mimi ndiye niliyemshikia mto mgongoni akibandika, kwa hiyo usinieleze." Alisema kwa sauti ya chini, watu wa meza ya pili hawakusikia. "Na lingevunjika, si lingevunjika likiwa lake?"

Mimi, Cheche, nikaweka mikono nyuma.

Akanivuta pembeni, karibu na dirisha. Nje maji yalikuwa yanatiririka kwenye vioo. Nilidhani atanitukana, na ningemshukuru kwa hilo.

"Unafikiri sijui kinachoendelea kati yako na mkwe wangu?" akasema. "Nina macho. Mwanaume anarudi kutoka kazini anapiga mluzi, mimi nisijue? Sina ugomvi na wewe, binti. Mchapakazi, huna majivuno, na huyu mtoto nyumbani kila siku ni Anti Cheche kasema hivi, Anti Cheche kafanya vile. Hapo ndipo roho inaponiuma. Akishakupenda wewe, mwanangu atakumbukwa na nani? Mimi ni mzee, nakwenda. Baba mtu hamtaji kabisa, utadhani hakuwahi kuoa. Amebaki huyu mtoto peke yake. Na leo umechukua kisu."

"Nitavitafuta, mama. Nitavipata."

"Vitafute," akasema, akarudi kwa mjukuu wake.

Sijui shughuli iliishaje. Nakumbuka kengele ikilia na watu wakishangilia, nakumbuka fundi bomba akinipungia mkono, mwanawe kabebwa mabegani. Mimi nilikuwa kwenye baraza la nyuma, nimemwaga magunia yote ya mabaki sakafuni, nimepiga magoti katikati ya vijiti. Vijiti mamia kwa mamia. Vilivyovunjika, vilivyokatwa, vyenye gundi, visivyo na gundi, vyote vimelowa kwa mvua iliyokuwa inapeperushwa na upepo. Mwanzoni nilijiambia nitavijua kwa rangi ya manjano. Lakini kikilowa, kijiti cha jana na cha mwaka juzi vyote vinakuwa rangi moja. Nilichambua mpaka vidole vikafa ganzi.

Injinia akanikuta hapo. Alikuwa ameshaambiwa, uso wake umekuwa wa kijivu. Akachutama mbele yangu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Cheche..."

"Lile boksi. Ulijua mlikuwa na nini?"

"Nililiona asubuhi wakati anaingia nalo. Nikalitambua."

"Ukanyamaza."

"Ningeanzaje kukwambia? Katikati ya watu wote wale?"

"Kwa kufungua mdomo! Ungesema, Cheche, lile daraja aliligusa mke wangu, usiliguse. Maneno hayo tu. Mwaka mzima hujanitajia jina lake. Sijui alipenda nini, sijui alichekaje, sijui hata alilala kitanda kipi. Nimetembea maishani mwako kama kipofu, nikigonga kitu unasema aah, hicho kilikuwa chake."

"Sikutaka ujilinganishe naye. Sikutaka uumie."

"Sasa angalia nani ameumia."

Akainamisha kichwa. Tone la maji lilikuwa linaning'inia kwenye ukingo wa miwani yake, na mimi na hasira zangu zote nikatamani kulifuta. Ndivyo nilivyompenda, kijinga namna hiyo. Tukachambua wote wawili. Mvua ikazidi. Sauti za watu ndani zikapungua, zikaisha.

Mwishowe akaokota vijiti viwili vilivyoshikana kwa gundi iliyokauka, vya kizamani kidogo kuliko vingine, akavipangusa kwenye shati lake, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole.

"Mpelekee hivi."

"Una hakika ndivyo?"

"Mpelekee tu."

"Nimekuuliza, una hakika?"

Hakunitazama. "Anakusubiri, Cheche. Amekaa pale hajala, hajanywa. Mpelekee."

Nilikwenda. Sijui miguu iliendaje, lakini nilikwenda. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: Kwanini, nimetafuta, nimekosa, nisamehe. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa. Ukumbi ulikuwa mtupu, sakafu imejaa maji na matope, wao wawili wamekaa kwenye lile benchi la watundu. Mtoto akainua uso. Macho yalikuwa yamevimba, na ndani ya macho hayo mlikuwa na tumaini kubwa kuliko uso wenyewe. Nikafumbua kiganja.

"Ndivyo hivi?" akauliza.

"Ndivyo," nikasema.

Akavichukua kwa mikono miwili. Akavigeuza kwenye mwanga. Nikaomba avikatae. Kweli kabisa, niliomba kimoyomoyo aseme, hapana anti, si hivi, ili yaishe.

"Ndivyo!" akapiga kelele. "Bibi, ona! Hapa ndipo alipobonyeza kidole! Ona, kidole cha mama!"

Bibi akavaa miwani yake, akainama. Kwenye gundi mlikuwa na alama ya kidole, kweli, mistari yote inaonekana. Cha nani, Mungu ndiye anayejua. Pengine cha mtoto wa daktari wa meno. Mama yule akapitisha kidole chake juu ya alama ile polepole sana, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Ndicho," akasema. "Ndicho, mjukuu wangu."

Kwanini akaruka kutoka kwenye benchi, akanikumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote. Kichwa chake kilikuwa kinanukia mvua.

"Asante, mama," akasema.

Nilisikia vizuri. Alisema mama. Naye alishtuka, akanitazama kuona kama nitamkataza, kisha akaficha uso tumboni kwangu. Nikaweka mkono juu ya nywele zake, na mkono wangu ulikuwa mzito kama si wangu.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Akatazama huko na huko, kama mtu anayetafuta pa kupitia.

"Umelowa, binti," akasema hatimaye. "Utaugua. Jioni hii njoo nyumbani, ule chakula cha moto. Na hayo mliyotaka kuniambia, tutayazungumzia huko." Akashusha pumzi. "Mtu aliyepekua magunia yote yale kwa ajili ya mwanangu, nitamfungiaje mlango?"

Yote niliyoyataka duniani yalikuwa mbele yangu, yamepangwa kama sahani mezani. Nikasema, "Asante, mama," nikatoka nje.

Injinia alinifuata mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijawahi kumwona na furaha namna ile.

"Umeona?" akasema, akanishika mabega. "Umeona alivyokukumbatia? Na mama! Mama mwenyewe amekukaribisha! Cheche, tumefika."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli gani?"

"Unaujua. Mwambie kwamba vile si vyenyewe."

Mikono yake ikalegea mabegani mwangu. "Unasema nini? Mtoto amelia mchana kutwa. Sasa hivi anacheka. Unataka niende nikamnyang'anye mara ya pili, siku moja?"

"Mimi mwenyewe nilikwenda kumwambia. Aliponitazama nikashindwa. Wewe ni baba yake, labda wewe utaweza."

"Siwezi."

"Si lazima leo. Kesho. Keshokutwa. Niahidi tu kwamba utamwambia, nitakaa kando yako, anichukie mimi, sijali."

"Kwa nini tumwambie? Amepata alichokitaka. Atakua, atasahau."

"Hatasahau! Ataviweka kabatini kwenye kitambaa. Kila nikiingia chumbani kwake atanitolea, mama, ona kidole cha mama. Nami nitasema nini? Nitasema ndiyo, naona. Kila siku nitasema ndiyo, naona. Mama mkwe wako atavibusu, mimi nimesimama hapo hapo. Hivyo vijiti ni takataka, mpenzi wangu. Tumemfuta mtu tukaweka takataka mahali pake."

"Tunajua wawili tu."

"Ndiyo maana naogopa," nikasema. "Wewe ulimficha mkeo nisimjue. Sasa unataka tumfiche tena, wewe na mimi, kwa mtoto aliyemzaa. Halafu nije nilale kwenye nyumba hiyo?"

Akageuka, akalitazama gari lake lililoegeshwa mbele ya ngazi. Mvua ilikuwa inapiga kwenye ngazi, inaturukia miguuni.

"Unaniacha kwa ajili ya vijiti viwili," akasema taratibu.

"Nakupenda. Usije ukasema kwamba Cheche hakukupenda. Nakupenda mpaka hapa kifuani panauma, na yule mtoto nampenda, na hata bibi yake na ukali wake nimeanza kumpenda. Ahidi tu kwamba utamwambia, nami naingia kwenye gari hilo sasa hivi, nimelowa hivi hivi."

Nilimtazama. Nilimtazama kwa muda mrefu, nikitafuta kwenye uso ule mpole mahali ambapo ahadi ingetokea. Aliivua miwani, akaipangusa kwa shati lililolowa, akaivaa tena ikiwa na ukungu ule ule.

"Sina moyo huo," akasema. "Nisamehe, Cheche. Sikuweza kumwambia hata siku mama yake alipokufa. Ni bibi yake ndiye aliyemwambia."

Nikamwamini. Hapo ndipo nilipojua kwamba imekwisha, kwa sababu hakuwa anabishana nami tena, alikuwa ananieleza jinsi alivyo.

"Basi wapeleke nyumbani," nikasema. "Wana baridi."

"Niwaambie nini?"

"Waambie nabaki kufunga ukumbi."

Alisimama kidogo. Alinigusa shavu kwa mgongo wa kidole, kisha akaingia ndani kuwaita. Wakatoka watatu chini ya mwavuli mmoja, mtoto katikati, vile vijiti kavikumbatia kifuani vikiwa ndani ya kitambaa cha bibi. Wakaingia kwenye gari. Nikaona bibi akisogea kwenye kiti cha nyuma, akapangusa nafasi pembeni yake kwa kiganja. Injini ikawaka. Kioo cha nyuma kikashuka na Kwanini akatoa kichwa chote kwenye mvua.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo, kuna nafasi!"

Kokoto za kile kilori zilikuwa zimemwagika pale mlangoni. Nikainama nikaanza kuziokota, nikajifanya sijasikia.